Dawa au malezi, kipi kwanza? Maswali ya wazazi wa watoto wenye ADHD hapa Moshi

Mwanangu ana miaka 11 na ana ADHD. Tunaishi Moshi, upande wa Pasua, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana wazazi wachache wenye watoto wa aina yake. Wengine hupanda gari alfajiri kutoka Arusha. Kila mzazi mpya anakuja na maswali yaleyale, na mengi yanazunguka jambo moja: tumpe dawa, au tumlee tu? Nimeyaandika hapa kama ninavyoyajibu tukiwa tumekaa na chai. Mimi si daktari. Dozi ya mtoto wako ataipanga anayemtibu.

Mtoto mtundu si ni mtoto tu? ADHD ni nini hasa?

Utundu ni wa watoto wote. Mtoto mwenye ADHD anashindwa kutulia, kusubiri zamu yake au kushikilia jambo moja mpaka liishe, hata pale anapotaka mwenyewe na anapojua atagombezwa. Wataalamu wanataka dalili ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, na zionekane angalau sehemu mbili, kwa mfano nyumbani na shuleni. Kama kwako ni moto lakini shuleni ametulia kabisa, anza kutafuta sababu nyumbani.

Inakadiriwa kwamba duniani watoto kama 5 katika kila 100 wana hali hii. Kwa hesabu hiyo, darasa letu la watoto 80 linaweza kuwa nao wanne.

Wapo pia wasioruka wala kukimbia, na wasichana ni wengi kati yao. Anakaa kimya karibu na dirisha, daftari liko wazi, kipindi kinaisha hajaandika mstari. Huyo haitwi mtundu, anaitwa mzito, na ndiyo maana huchelewa sana kufikishwa hospitali.

Bibi yake anasema nimemdekeza. Ni kosa langu?

Hapana. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba mchango wa kurithi katika ADHD ni kama asilimia 74. Kuzaliwa kabla ya wakati na kuzaliwa na uzito mdogo navyo huongeza uwezekano. Kulogwa hakumo.

Mama mkwe wangu kule Kibosho alinilaumu miaka miwili mizima kwamba namdekeza mjukuu wake. Siku moja tumekaa jikoni anamenya ndizi, mtoto kaangusha ndoo ya maji mara ya pili, akasema tu bila kufikiri: "Na baba yake alikuwa hivihivi, nilikuwa naitwa shule kila wiki." Tukatazamana, hakuna aliyesema neno, sufuria inachemka. Tangu siku ile sijalisikia tena lile neno la kudekeza.

Nalisema hili mapema kwa sababu nikimwambia mzazi kwamba tiba ya kwanza ni malezi, anachosikia ni "ulilea vibaya." Sivyo kabisa. Mtoto mwenye kisukari hakukipata kwa sababu ya mapishi ya mama yake, lakini chakula kinaingia kwenye tiba yake. Na hapa ni vilevile: malezi ya kawaida yanayomtosha kaka yake hayamtoshi huyu, kwa hiyo wewe mzazi unajifunza malezi ya kitaalamu zaidi.

Nitajuaje kwamba si kitu kingine?

Utajua baada ya kupimwa, na usikubali mtu akuandikie dawa ya ADHD kwa kumwangalia mtoto dakika tano. Masikio yanayotoa usaha mara kwa mara yanaweza kumfanya aonekane hasikii maneno ya wakubwa, kumbe hasikii kweli. Macho nayo. Anayekoroma na kulala vibaya usiku anaamka hana utulivu. Upungufu wa damu unaondoa umakini. Kuna kifafa cha kuduwaa, ambapo mtoto anakatika kwa sekunde chache, macho yameganda, halafu anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, mwalimu ataandika "anaota mchana." Waliopona malaria kali iliyopanda kichwani nao wamo: tafiti zilizofanyika Uganda zilionyesha kwamba baadhi yao hubaki na shida ya umakini muda mrefu baada ya kutoka wodini.

Na lipo hili tunaloogopa kuuliza. Mtoto anayepigwa au kufanyiwa vitendo vibaya mahali fulani hawezi kutulia darasani. Muulize mkiwa wawili tu, kwa upole.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha ADHD. Inatambuliwa kwa maelezo yako, maelezo ya mwalimu na uchunguzi wa mtaalamu. Ukiambiwa ulipie picha, uliza inatafuta nini.

Sasa, dawa au malezi?

Umri ndio unaoanza kujibu.

Chini ya miaka 6, malezi kwanza. Mwongozo wa chama cha madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka 2019 unasema hivyo, na wa Uingereza wa 2018 pia unaanza na mafunzo ya wazazi kwa watoto wa chini ya miaka 5. Sababu ni kwamba kwa watoto wadogo dawa inasaidia kidogo zaidi na inawasumbua zaidi. Kwa hiyo kama mwanao yuko chekechea na mtu anataka kuanza na kidonge, una haki ya kuomba maoni ya daktari wa pili.

Kuanzia miaka 6, mwongozo huo wa Marekani unapendekeza vyote viwili pamoja. Na hapa wazazi wanagawanyika. Wapo wanaoamini dawa ni sumu, na wapo wanaotaka kidonge tu warudi kazini. Mimi nimewahi kuwa pande zote mbili.

Mwaka 1999 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani uliofuata watoto 579 wa miaka 7 hadi 9 kwa miezi 14. Kwa dalili zenyewe, yaani kutotulia na kukosa umakini, dawa iliyosimamiwa vizuri ilishinda malezi peke yake. Huo ni ukweli, na anayewaambia dawa haifanyi kazi anawadanganya. Lakini waliopata vyote viwili walihitaji dozi ndogo zaidi, na mambo mengine kama uhusiano na wazazi yalikwenda vizuri zaidi. Watoto hao walipofuatiliwa hadi mwaka wa tatu, tofauti kati ya makundi ilikuwa imefifia. Lipo pia jambo ambalo watu hulipita haraka: kundi lililoachwa litibiwe kwa utaratibu wa kawaida wa mtaani nalo wengi wake walikuwa wanameza dawa, lakini halikufanya vizuri kama lile lililoonwa kliniki kila mwezi, dozi ikarekebishwa na mwalimu akaulizwa. Dawa zilikuwa za aina ileile. Usimamizi ndio uliotofautiana.

Kisha 2016 ukatoka utafiti mwingine, mdogo, wa watoto 146, ulioangalia kipi kitangulie. Walioanza na malezi, na kuongezewa dawa baadaye ikihitajika, walikuwa na makosa machache zaidi darasani kuliko walioanza na dawa. Na familia zilizoanza na dawa, zilipoambiwa baadaye zije kwenye mafunzo ya wazazi, nyingi hazikuhudhuria. Naelewa kwa nini. Mtoto akishatulia kidogo, nani ana nguvu ya kwenda kukaa darasani Jumamosi?

Kwa hiyo jibu langu ni hili: anza na malezi hata kama unaona kabisa dawa itahitajika. Si kwa sababu dawa ni mbaya. Ukianza na dawa, kuna uwezekano mkubwa malezi hutayafikia.

Isipokuwa kama mtoto yuko hatarini. Mama mmoja wa Kiborloni mtoto wake alikuwa anakimbilia barabarani kila anaposhuka kwenye gari, ameshagongwa na bodaboda mara moja. Huyo hukai wiki kumi unamfundisha. Anahitaji daktari sasa, na malezi yanaendelea hukohuko.

Hayo malezi ni yapi? Mimi nimeshamwambia mara mia.

Hilo "nimeshamwambia mara mia" ndilo la kwanza kuacha. Nikupe asubuhi yangu ya zamani. Saa kumi na mbili, nimesimama jikoni napaza sauti: "Vaa, piga mswaki, chukua begi, gari litatuacha!" Mambo manne kwa pumzi moja. Nikiingia chumbani namkuta na soksi moja mguuni, ya pili ameishika mkononi, anaangalia sisimizi wanaopanda ukutani. Napiga kelele. Analia. Tunachelewa.

Siku hizi naenda alipo. Nachuchumaa, namgusa bega, nasubiri macho yake yafike kwangu, nasema jambo moja: "Vaa soksi ya pili." Kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikonishinda zaidi. Nilihesabu kimoyomoyo hadi kumi. Akivaa namwambia nilichokiona: "Umevaa mara moja nilipokuambia. Asante." Simwambii "mtoto mzuri," kwa sababu hilo halimwambii alichokifanya. Halafu shati. Ukutani tumebandika karatasi ya kalenda ya zamani, upande mweupe, amechora mwenyewe picha tano za asubuhi: mswaki, sare, viatu, chai, begi. Kila hatua akiimaliza bila kelele anatia kizibo cha soda kwenye chupa. Vizibo 20 anachagua mboga ya Jumapili, au tunapanda wote juu kwa bibi.

Zawadi iwe ndogo na ije haraka. Watoto hawa kesho kwao iko mbali mno. Ukimwahidi baiskeli akifaulu mtihani wa mwisho wa mwaka, umemwahidi kitu asichoweza kukishika akilini mpaka saa nne.

Kila siku tenga dakika kumi za kucheza naye, yeye ndiye anaongoza, wewe humfundishi wala humsahihishi. Wazazi hudharau hili. Kwangu ndilo lililorudisha undugu wetu, maana tulikuwa tumefika mahali kila neno kati yetu ni amri au kilio.

Vituko vidogo visivyo na madhara, kama kunung'unika na kugongagonga meza, usivijibu. Tahadhari: siku za mwanzo vitaongezeka. Mtoto anapima kama kweli umeacha kujibu. Wengi wanakata tamaa siku ya tatu na kusema njia haifanyi kazi, kumbe ilikuwa inaanza kufanya. Kumpiga mdogo wake hilo hulipuuzi: anakaa pembeni, mahali panapojulikana, dakika zisizozidi umri wake, bila hotuba.

Mafunzo ya wazazi ya namna hii kwa kawaida huchukua miezi miwili mitatu, kikao kimoja kwa wiki. Usipopata mafunzo rasmi karibu nawe, mtaalamu wa saikolojia au mnasihi anayefanya kazi na watoto anaweza kukupitisha hatua kwa hatua.

Na fimbo?

Fimbo inamtuliza kwa muda mfupi, kisha unahitaji kubwa zaidi. Mtoto huyu hakusahau daftari kwa makusudi, kwa hiyo kiboko hakimfundishi kukumbuka, kinamfundisha kuficha. Mimi nilichapa, na ninajuta.

Kwa shuleni, fahamu kwamba kanuni za viboko za mwaka 2002 zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi, na viboko visizidi vinne. Mwalimu yeyote anayechapa kila anayegeuka nyuma yuko nje ya kanuni. Nenda ukaongee naye, kwa heshima, ukiwa na maelezo ya daktari mkononi.

Mwalimu ana watoto 80. Atanisaidiaje?

Usimwombe makubwa. Mwombe amkalishe mbele, mbali na dirisha na mlango, na ampe kazi ya kutembea: kufuta ubao, kukusanya madaftari. Kisha daftari dogo la mfukoni lenye mistari miwili tu kila siku, kwa mfano "alikaa mpaka kipindi kikaisha" na "alinakili kazi ya nyumbani." Mwalimu anaweka vema au mkasi, basi. Nyumbani vema inageuka vizibo. Walimu wengi waliokuwa wamemchoka mtoto walibadilika walipopewa kitu cha kufanya kinachochukua nusu dakika.

Dawa zenyewe zinafanyaje kazi?

Inayotumika zaidi duniani inaitwa methilfenideti. Inaongeza nguvu ya kemikali mbili za ubongo, dopamini na noradrenalini, ambazo zinamsaidia mtoto kujizuia na kushikilia jambo. Ya kawaida inaanza kazi ndani ya nusu saa hadi saa moja na inadumu kama saa nne. Zipo zinazotoka polepole za kutwa nzima. Ipo pia atomoksetini, ambayo huchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti, na nyingine chache daktari anazozijua.

Mwanangu alianza akiwa na miaka 8, baada ya karibu mwaka wa malezi peke yake. Siku ya nne alirudi na daftari la Sayansi lililojaa kurasa mbili, mwandiko wake wa kupinda upande. Akaniuliza: "Mama, hivi ndivyo wenzangu wanavyosikia mwalimu?" Nilikwenda kulia bafuni.

Lakini jioni, dawa imekwisha mwilini, ni yuleyule wa soksi moja. Kidonge hakimfundishi kupanga begi.

Maudhi yake je?

Yapo. Kukosa hamu ya kula ndilo kubwa. Sisi tunampa kifungua kinywa kizito kabla ya kidonge, mtori au uji wa maziwa na yai, na chakula cha usiku kinasubiri hamu irudi. Usingizi kuchelewa, hasa dozi ya pili ikitolewa alasiri. Kichwa au tumbo kuuma siku za mwanzo. Mapigo ya moyo na presha kupanda kidogo. Wanaotumia miaka mingi wanaweza kuishia wafupi kidogo, sentimita moja au mbili, kuliko ambavyo wangekuwa. Kwa hiyo kila kliniki apimwe uzito, urefu, presha na mapigo, usipopimiwa, omba.

Mwambie daktari kabla ya kuanza kama kuna aliyekufa ghafla kijana katika ukoo, au kama mtoto huzimia akikimbia.

Jambo moja la kuangalia kwa makini: mtoto akipoa mpaka hacheki, hataki kucheza, amekuwa kama kivuli, hiyo siyo tiba kufanya kazi. Inawezekana dozi ni kubwa au dawa haimfai. Rudi. Watoto kama saba katika kumi huitikia vizuri dawa ya kwanza ya aina hii. Waliobaki wanahitaji kubadilishiwa.

Hatageuka teja?

Kwa dozi ya hospitali, akisimamiwa na mzazi, tafiti hazikuonyesha kwamba kutibiwa kunaongeza uwezekano wa kutumia dawa za kulevya baadaye. Hofu inatokana na kwamba dawa yenyewe inadhibitiwa, na inadhibitiwa kwa sababu watu wazima huweza kuitumia vibaya. Ifungie kabatini, hesabu vidonge, mpe wewe mwenyewe.

Mbona haipatikani kila duka? Nimeambiwa niagizie Nairobi.

Methilfenideti iko kwenye Jedwali la Pili la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa za aina hii. Pia Shirika la Afya Duniani lilipoombwa kuiweka kwenye orodha ya dawa muhimu, mwaka 2019 na tena 2021, lilikataa, na nchi nyingi hupanga manunuzi ya hospitali za umma kwa kuangalia orodha hiyo. Usishangae basi ukizunguka maduka matatu mjini bila kuipata.

Kuiweka kwenye bahasha na kumpa kondakta wa basi la Namanga usifanye. Ni dawa inayodhibitiwa. Mpakani ni kosa, na hujui kilichomo kwenye kopo. Mwombe daktari akuelekeze duka lenye kibali, na kabla hajaanza uliza: je, nitaipata kila mwezi? Kama jibu ni hapana, hiyo ni sababu halali ya kuchagua dawa nyingine au kuzidisha nguvu kwenye malezi.

Niliandikiwa dawa ya kumlaza. Si inatuliza?

Inalaza. Tuliwahi kupewa hiyo kwenye zahanati moja, akawa anasinzia kwenye dawati wiki nzima, nami nikashukuru kwa utulivu ule. Leo naona uchungu nikikumbuka. Dawa za usingizi, na zile za mafua zinazosinziza, hazitibu ADHD. Zinampunguzia mtoto hata umakini kidogo aliokuwa nao.

Nikimkatia sukari na soda?

Mkatie kwa ajili ya meno. Majaribio ambayo mzazi hakujua kama mtoto amepewa sukari au la hayakuonyesha utundu kuongezeka.

Baba yake hataki kusikia habari hizi.

Usimpelekee hoja, mpe kazi moja. Mume wangu alianza na vizibo: yeye ndiye wa kuhesabu jioni. Baada ya wiki tatu alikuwa anamtetea mtoto kwa kaka zake Krismasi, tumejaa nyumba nzima kule mlimani, watu wanauliza kwa nini huyu anameza kidonge. Akawajibu: "Mimi nilichapwa kwa sababu hii hii. Yeye anatibiwa."

Atapona?

Kuruka na kukimbia hupungua anavyokua. Kusahau na kutopangilia mara nyingi hubaki, kwa kiwango fulani, hata utu uzimani. Daktari anaweza kusimamisha dawa kwa muda, kwa mfano mara moja kwa mwaka, kuona kama bado inahitajika. Usiisimamishe kimyakimya mwenyewe kwa sababu amefanya vizuri muhula huu.

Nianzie wapi?

Chukua daftari, andika wiki mbili: kilichotokea, saa ngapi, kilitanguliwa na nini. Usiandike "alikuwa msumbufu"; andika "saa 11 jioni, alimrushia dada yake kijiko baada ya kuambiwa azime runinga." Mwombe mwalimu wa darasa nusu ukurasa. Kisha nenda hospitali yenye daktari wa watoto au wa afya ya akili. Kwa Moshi wengi wetu tumeanzia Mawenzi au KCMC, kwa Arusha Mount Meru. Beba kadi ya kliniki ya utotoni, ripoti mbili za mwisho za shule na lile daftari. Na mtoto aje ameshiba, na kitu cha kushika mkononi, maana foleni ni ndefu.